Chembe ya Taifa na Choo Namba Saba

Nchi yetu haina tatizo lolote. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani ameshika hadithi ya malalamiko. Tunaye Mlezi Mkuu, ambaye ametulea miaka thelathini na moja bila kuomba likizo. Mara sita tumemwuliza kwa kura kama amechoka, na mara sita kura zimejibu kwamba hajachoka. Tunao mawaziri arobaini na watatu, kila mmoja na wizara yake, isipokuwa wawili wanaotumia wizara moja kwa zamu. Na tunalo shimo.

Shimo letu liko Makung'uru. Lina kina cha mita mia tisa, na zamani lilitoa shaba. Shaba ilipokwisha likabaki shimo peke yake, na Baraza la Mawaziri likakaa siku tatu kutafakari nchi ilifanyie nini. Waziri mmoja alipendekeza waingizwe wapinzani. Akajibiwa kwamba wapinzani wenyewe hawafiki kumi, shimo litaonekana tupu, na wageni wakija itakuwa aibu.

Ndipo alipoitwa Dokta Mwanakheri Kivugo, mwanafizikia pekee nchini ambaye alikuwa bado hajahamishiwa Wizara ya Mifugo. Alisimama mbele ya Baraza na gauni lake la kitenge na kalamu nne mfukoni, akaeleza anachotaka kukitafuta mle shimoni.

"Waheshimiwa, chukueni shughuli ya harusi," alisema. "Sufuria kubwa la pilau limepakuliwa lote, limekwanguliwa mpaka ukoko. Mkihesabu walioketi ukumbini, ni watu ishirini. Watu ishirini hawamalizi sufuria lile. Maana yake nini?"

"Maana yake kuna waliokula mara mbili," akajibu Waziri wa Sayansi, Mheshimiwa Mapinde, kwa haraka ya mtu anayelijua jambo hilo kwa undani.

"Au kuna watu wengi ambao hatukuwaona. Basi na nyota ndivyo zilivyo. Zinazunguka kwa kasi kubwa mno. Kwa uzito huu tunaouona, zingekuwa zimeshatawanyika zamani. Kuna kitu kinazishikilia pamoja. Hakiwaki wala hakizuii mwanga. Tunakiita maada ya giza. Huenda ni chembe ndogo ambazo hakuna aliyewahi kuziona, na kama ni hivyo, zinapita katikati yetu hivi sasa, hapahapa tulipokaa."

Mawaziri kadhaa walisogeza viti.

"Zimeingiaje bila kibali?" akauliza Waziri wa Usalama.

Dokta akaeleza kwamba chembe hizo zikigonga fuwele safi, huenda mara moja kwa miaka, fuwele itatoa mwanga mdogo kuliko wa kimulimuli aliye mbali. Ili kuuona mwanga huo unahitaji mahali penye kina, penye giza kamili na pasipo na vurugu yoyote.

"Giza na kimya," Mheshimiwa Mapinde akasema, uso umemkunjuka. "Ndugu zangu, hivyo vyote tunavyo kwa wingi!"

Shimo likapitishwa kwa kauli moja.

*

Mimi niliajiriwa mwaka wa saba wa utafiti huo. Naitwa Hidaya Mkwizu, Afisa Lugha Daraja la Pili, mwenye stashahada ya Kiswahili na Utunzaji wa Kumbukumbu. Wizara ilitaka mtu wa kuyafanya maneno ya Dokta yaeleweke, kisha yasieleweke sana.

Kila asubuhi tulishuka kwa lifti ya wachimbaji, ambayo ilipiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Chini kulikuwa na vyumba saba vilivyochongwa kwenye mwamba. Chumba cha saba ndicho kilichokuwa moyo wa kituo: fuwele sitini na nne zimezungukwa na macho ya umeme, ndani ya kuta za madini ya risasi, katika giza ambalo ukifumbua macho ni sawa na kuyafumba. Nje ya chumba hicho palikuwa na kompyuta iliyohesabu mimweko, yaani vile vimwanga vya fuwele. Kila siku ilisema tatu. Tatu ile haikuwa maada ya giza. Ilikuwa mwamba wenyewe, maana kila jiwe lina kelele yake kidogo.

Kila mwezi niliandika taarifa. Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Fomu ya Taarifa ya Utekelezaji ina safu tatu: Mafanikio, Mafanikio Makubwa, na Mafanikio ya Kihistoria. Safu ya "hatujaona kitu" haipo. Niliandika pembeni, kwa penseli, katika sehemu iliyoandikwa "kwa matumizi ya ofisi tu".

"Dokta, hukati tamaa?" nilimwuliza siku moja tukinywa chai juu ya kreti. "Miaka yote hii, kila siku tatu."

"Hidaya, umepoteza ufunguo nyumbani kwako. Ukapekua jikoni pote, chini ya jiko, ndani ya mitungi, ukawa na hakika kwamba haumo. Hapo hujafanya kitu?"

"Nimefanya. Najua nisirudi jikoni."

"Basi mimi nimeshapekua vyumba vingi ambavyo dunia nzima ilikuwa haijavipekua. Wenzangu ng'ambo wanayasoma majibu yangu, wanajua wasirudi humo. Kutoona, kama umetazama sawasawa, nako ni jibu."

Niliona ni maneno mazuri. Nikayapeleka wizarani, yakarudishwa na mhuri: HAYAENDANI NA FOMU.

Mwaka wa tisa ikaja barua kutoka kwa Mheshimiwa Mapinde. Ilisema serikali imevumilia kiasi cha kutosha. Chembe isipopatikana ifikapo Desemba, shimo litakabidhiwa kwa kampuni ya uyoga ya mwekezaji mzalendo, ambaye kwa bahati tu alikuwa shemeji yake. "Uyoga nao huota gizani," Mheshimiwa aliandika, "na tofauti na maada yenu, unaonekana."

Dokta aliikunja barua mara nne akaitia mfukoni penye kalamu. Alikuwa na miezi mitano. Fuwele zile, akinieleza, haziwezi kuhamishwa zikapelekwa juu. Zikikaa siku chache chini ya jua, miale ya angani inazichafua na miaka tisa ya kuzisubiri zitulie inakuwa imepotea. Shimo likienda, kila kitu kimekwenda.

*

Mwezi Agosti alishuka Bwana Anthari Mgumba.

Bwana Mgumba ni Afisa Mkuu wa Picha. Kwetu kuna Sheria ya Uwepo, inayotaka kila chumba cha serikali kiwe na picha ya Mlezi Mkuu, katika usawa wa kizingiti cha juu cha mlango, ionekane kutoka kila pembe. Bwana Mgumba huzunguka nchi nzima na ngazi ndogo na kipimio cha seremala, akihakikisha Mlezi hajapinda. Ni mtu mpole, mwenye kikohozi, na sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Alikagua vyumba sita vya shimoni akaridhika. Akafika cha saba.

"Humu Mlezi yuko wapi?"

"Humu ni giza tupu, Bwana Mgumba," Dokta akasema. "Hata angekuwamo asingeonekana."

Bwana Mgumba akakilaza chini kipimio chake. Niliisikia lifti ikilia kwa mbali.

"Dokta," Bwana Mgumba akasema polepole, "unasema katika nchi hii kuna mahali ambapo Mlezi Mkuu haonekani?"

Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za ukaguzi, nikaliandika na hilo. Dokta akanitazama. Nikalifuta.

"Nasema chumba hiki hakitakiwi kuwa na kitu chochote," Dokta akajaribu tena. "Hata jasho la kidole chako lina kelele kwa fuwele hizi."

"Mlezi si kitu chochote."

"Sikusema hivyo, kaka."

"Nimekuelewa, dada yangu. Na kwa kuwa nimekuelewa, nitakusaidia."

Alirudi wiki iliyofuata na msaada. Mafundi wa idara yake walikuwa wamechora picha ya Mlezi kwa rangi inayong'aa yenyewe, ile ya mishale ya saa za zamani, ambayo haihitaji jua wala taa. Walikuwa wamepata madebe mawili katika ghala la jeshi, yamekaa humo tangu enzi za mkoloni. Kipara, miwani, tabasamu, vyote vilikuwa vikiwaka kijani. Waliitundika siku ambayo Dokta alikuwa ameitwa wizarani kusaini mahudhurio ya semina ambayo haikufanyika. Nilipowaambia wamsubiri, Bwana Mgumba alinijibu kwa upole kwamba Mlezi hasubirishwi.

*

Kesho yake kompyuta ikasema elfu nne mia moja na kumi na mbili.

Bahati mbaya kompyuta ile ilikuwa imeunganishwa na skrini kubwa iliyoko mapokezi ya wizara. Kwa miaka tisa skrini hiyo ilionyesha "3", na wageni walikuwa wakidhani wako ghorofa ya tatu. Ilipoonyesha "4112", mpokea wageni alipiga yowe. Mheshimiwa Mapinde akatoka ofisini na leso ya chakula shingoni, akaitazama, akaiondoa leso, na kabla Dokta hajafika mlango wa lifti redio ya taifa ilikuwa imeshakatiza taarifa ya mazao.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alisema, "mataifa makubwa yameitafuta chembe hii kwa mitambo mirefu kama wilaya. Wameikosa. Walikuwa na mitambo, hawakuwa na uongozi. Sisi, chini ya malezi ya Mlezi Mkuu, tumeipata kwa shimo moja na mama mmoja. Maada ya giza imejitokeza kwa hiari yake. Imeona amani na utulivu wa nchi hii, ikasema, hapa ndipo kwetu!"

Ikaitwa Chembe ya Mlezi. Likatangazwa gwaride na Siku ya Chembe, tarehe kumi Oktoba. Watoto wa shule waliagizwa kuichora, na kwa kuwa hakuna aliyejua inafanana vipi, waliichora duara lenye miwani. Barua ya uyoga ikafutwa kwa barua nyingine.

Dokta alisimama mbele ya kompyuta akauliza swali moja.

"Nani ameingia humu, na ameingia na nini?"

Nikamwambia. Akakaa chini.

"Ni ile picha," akasema. "Rangi ile ina madini yanayotoa miale. Fuwele zinamwona Mlezi, Hidaya. Zinamwona mara elfu nne kwa siku."

"Basi tuitoe."

"Ndiyo. Tuitoe saa moja tu. Hesabu ikishuka, tumejua."

Tulimwomba Bwana Mgumba. Aliikumbatia ngazi yake, maskini. Akatusomea Sheria ya Uwepo: picha ya Mlezi haitolewi ukutani isipokuwa kwa sababu tatu. Kwanza, ikiletwa picha mpya ya Mlezi huyohuyo. Pili, ukuta ukianguka. Sababu ya tatu imeandikwa kwenye kiambatisho ambacho hakuna anayeruhusiwa kukifungua, lakini kila mtu anaikisia, na kuikisia ni miaka mitano jela.

*

Mimi nina ugonjwa wa kusoma mpaka mwisho. Chuoni walinicheka kwa hilo. Nikikabidhiwa waraka nasoma hadi jina la mpiga chapa. Basi mwishoni mwa Septemba niliichukua Sheria ya Uwepo, kurasa mia moja na nane, nikakaa nayo shimoni siku mbili. Katika ukurasa wa tisini na sita, chini ya Masharti Mengineyo, nikakuta mstari usiosomwa na mtu: "Sheria hii haitahusu vyoo, mabafu na machinjio, ambamo kuweka picha ya Mlezi Mkuu ni kosa la kumvunjia heshima."

Nilimpelekea Dokta. Alisoma mara mbili. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akacheka mpaka kalamu zikamdondoka.

"Andika barua," akasema.

Niliandika kwa Idara ya Majengo. Naiweka hapa kama ilivyokwenda:

YAH: OMBI LA KUBADILI MATUMIZI YA CHUMBA NA. 7, SHIMO LA MAKUNG'URU, KUWA CHOO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kituo kina watumishi kumi na mmoja na hakina choo chini ya ardhi. Mtumishi anapobanwa hulazimika kupanda mita mia tisa, jambo ambalo halilingani na hadhi ya utumishi wa umma, wala na kasi ya haja yenyewe. Tunaomba Chumba Na. 7 kiandikishwe kuwa choo. Hakuna ujenzi utakaohitajika. Wako katika kulijenga taifa.

Hakukuwa na neno la uongo humo. Hata ile sehemu ya haja ilikuwa kweli tupu.

Kwa kawaida Idara ya Majengo hujibu kwa miezi kumi na minane. Safari hii jibu lilikuja kwa siku mbili. Kumbe Mpango wa Taifa ulitaka vyoo elfu kumi vipya mwaka ule, nao walikuwa wamefikisha elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Waliambatanisha cheti, pongezi, na kibao cha bati: CHOO NA. 7, JINSIA ZOTE. Tukakipigilia mlangoni.

Nakala ilikwenda kwa Bwana Mgumba, kama utaratibu unavyotaka. Alishuka na lifti iliyofuata, ametoka jasho, koti amelivaa nje ndani.

"Mlezi yuko chooni!" alisema. "Jamani, Mlezi yuko chooni tangu jana!"

"Ndivyo karatasi inavyosema," nikamjibu.

Aliitoa picha kwa mikono yake mwenyewe. Akaifunika kwa koti, akaikumbatia, na njia nzima ya kupanda nilimsikia akiiongelesha: "Si mimi, Baba. Kukicha walikuwa wamebadilisha. Si mimi."

Tulisafisha ukuta kwa spiriti. Tulifunga mlango. Tulisubiri siku tatu, na siku ya nne asubuhi Dokta akaniita tuitazame kompyuta pamoja.

Tatu.

Yeye akashusha pumzi kama mtu aliyerudishiwa mtoto wake. "Tatu," akasema. "Karibu tena, tatu."

*

Katika mapokezi ya wizara, yowe la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Mheshimiwa Mapinde aliletwa shimoni akiwa na msaidizi wa kumshikia kofia ya chuma, kwa sababu kofia ile ingeharibu nywele zake.

"Irudisheni," akasema.

"Picha, Mheshimiwa?"

"Chembe! Siku ya Chembe ni wiki ijayo! Mabalozi wamealikwa. Watoto elfu mbili wamefunzwa kuunda umbo la chembe uwanjani. Imekwenda wapi?"

"Haikuwahi kuwapo," Dokta akasema. "Ilikuwa rangi."

Mheshimiwa akaketi juu ya kreti yetu ya chai. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imelainika, na hapo ndipo nilipomwogopa.

"Mama Kivugo. Mimi si mtu mbaya. Hii hapa ni Hati ya Ugunduzi. Inataka saini yako tu. Ukisaini, shimo ni lako miaka kumi mingine. Nakuletea fuwele mpya, mia mbili ukitaka. Utatafuta hiyo maada yako ya kweli kwa raha zako, hakuna atakayekuuliza. Usiposaini, Jumatatu naleta uyoga."

Akatuachia hati na kalamu ya dhahabu.

Sitajifanya shujaa. Mimi nilimwambia asaini. Nilimwambia, "Dokta, miaka kumi! Fuwele mia mbili! Ni karatasi tu, kabati zao zimejaa karatasi za uongo, hii itapata wenzake."

Hakunikasirikia. Alinimiminia chai.

"Tuseme nimesaini," akasema. "Miaka sita ijayo, siku moja ya Jumanne, kweli inagonga. Chembe yenyewe. Nakimbia kuwaambia watu. Wataniuliza nini?"

Nilifikiri. "Watakuuliza ile ya kwanza ilikuwa nini."

"Na mimi nitakuwa sina uso wa kuwajibu. Nitakuwa nimeipata na hakuna atakayeniamini. Afadhali uyoga."

Akarudisha hati tupu, na kalamu.

Serikali yetu haishindwi na jambo dogo kama saini. Mheshimiwa aliamua kwamba Dokta ataugua siku hiyo, akamtumia na cheti cha daktari, na kwamba Tamko la Ugunduzi litasomwa uwanjani na Afisa Lugha kwa niaba ya kituo. Nililetewa tamko lililoandikwa na watu wa wizara. Lilikuwa na kurasa tisa. Chembe ilitajwa mara mbili, Mlezi mara sabini, na nukta haikuonekana mpaka ukurasa wa nne.

*

Siku ya Chembe ilikuwa na jua kali. Watoto elfu mbili walisimama katika duara lenye miwani. Mabalozi walipewa vijimwavuli. Mlezi Mkuu aliwakilishwa na picha yake, ya rangi ya kawaida, iliyoketishwa kwenye kiti cha enzi huku Bwana Mgumba akiipepea.

Nilipanda jukwaani na kurasa tisa. Nilizifunua. Juu yake nilikuwa nimeweka karatasi yangu, niliyoiandika asubuhi ile juu ya goti. Nikasoma:

"Kwa miaka tisa tumeitafuta maada ya giza katika shimo la Makung'uru. Hatujaipata. Mimweko iliyotangazwa Agosti ilitokana na rangi ya picha iliyotundikwa mbele ya fuwele. Picha ilipotolewa, mimweko ilikoma. Vipimo vyote viko wazi kwa yeyote anayetaka kuvipima upya. Dokta Mwanakheri Kivugo si mgonjwa. Yuko kazini. Tunaendelea kutafuta."

Nikashusha karatasi.

Pakatokea makofi. Makubwa! Ratiba ilikuwa imeandikwa, saa nne na dakika arobaini: Tamko, kisha makofi. Watoto walipiga. Mabalozi walipiga. Mheshimiwa Mapinde, aliyekuwa akisogoa na shemeji yake wa uyoga, alisimama akapiga juu ya kichwa. Bendi ikaingia. Watoto wakaanza kuzunguka, na duara likawa linapendeza sana. Nilishuka ngazi nikijiuliza kama kweli nimesema kitu.

Magazeti ya kesho yake ndiyo yaliyosikiliza. Gazeti la serikali lenyewe lilichapa tamko langu lote ukurasa wa kwanza, maana karani wa jukwaani alinipokea karatasi, akaipiga mhuri wa wizara bila kuisoma, akampelekea mhariri, nao hawahariri vitu vyenye mhuri. Kufikia saa nne asubuhi watu walikuwa wanacheka kwenye foleni za maji. Kufikia mchana ilikuwa marufuku kucheka kwenye foleni za maji.

Uyoga ukaja Jumatatu, kama ilivyoahidiwa. Ukaingia vyumba sita. Kwenye cha saba shemeji alikwama, kwa sababu Sheria ya Afya ya Jamii inasema choo cha umma hakifungwi wala hakikodishwi mpaka kijengwe kingine mahali palepale, na Idara ya Majengo isingekubali kurudi kwenye elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Kwa hiyo Dokta yumo, na kompyuta yake ameisogeza nyuma ya mlango, nje ya zile kuta za risasi. Cheo chake kwenye daftari la watumishi sasa ni Msimamizi wa Choo, Daraja la Nne. Watu wa uyoga, ambao kibao wanakisoma vizuri, humgongea mlango mara kwa mara.

"Dokta, toka basi! Wenzako tumebanwa!"

"Ngojeni kwanza! Nahesabu!"

*

Mimi niliitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mgumba, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka.

Walikuwa wameshaniandikia barua ya kuomba radhi, nami nilitakiwa kuisoma redioni. Namwomba radhi Mlezi Mkuu, namwomba radhi Mheshimiwa Waziri, naiomba radhi Chembe.

"Chembe nayo?" nikauliza.

"Nayo," akasema mjumbe wa kushoto. "Umeidhalilisha mbele ya mabalozi."

"Haipo, mzee wangu."

"Imeondoka kwa aibu. Ungekuwa wewe ungekaa?"

Nikisoma, narudi mezani kwangu na fomu zangu. Nisiposoma, sina kazi, na stashahada yangu inafutwa kwenye rejista, kana kwamba miaka ile mitatu nilikuwa nimelala.

Bwana Mgumba aliwaomba wajumbe watoke kidogo. Akakohoa. Akaisogeza barua karibu yangu.

"Mwanangu," akasema, "ni dakika moja tu. Mimi mwaka huu nimeomba radhi mara saba. Mbili kati ya hizo mpaka leo sijui zilikuwa za nini. Unasema, unakwenda nyumbani, unakula. Kuna ubaya gani?"

Aliniuliza kwa moyo mmoja, na nilimpenda kwa hilo. Nilimfikiria Dokta aliyekaa gizani kule shimoni, anaandika tatu.

"Bwana Mgumba, ulikuwapo. Uliibeba picha kwa mikono yako. Hesabu ilishuka au haikushuka?"

Alitazama mlango. "Ilishuka," akanong'ona.

"Basi."

Wajumbe wakarudi, wakaketi, wakanitaka nisimame nijibu ili iandikwe. Nikasimama. Nimeliandika jibu hapa vilevile, ili karani wa Kamati asipate taabu ya kulinyoosha.

Nilisoma kilichotokea. Siombi radhi kwa Mlezi, siombi kwa Waziri, na kwa kitu kisichokuwapo ndiyo siombi kabisa. Mkiniita kesho, siombi. Mkinipa barua iliyoandikwa vizuri zaidi kuliko hii, siombi. Futeni mnachotaka kufuta. Siombi radhi.